Kaburi la Mwoga wa Sifani

Habari hizi ni za Msham wa Mitende, naye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Nazipeleka kama alivyozileta, ila pale aliponyamaza sana nimepaziba kwa maneno yangu, maana msikilizaji hawezi kupewa kimya akashiba. Safari yenyewe tuiache. Alipanda, akashuka, akaumwa na miguu kama wasafiri wote, akafika Sifani. Alitumwa na wakubwa wa kwao, waliosikia kwamba hakuna watu duniani wanaoipenda nchi yao kama Wasifani, nao wakataka kujua upendo huo unapikwaje ili na wao wawapikie vijana wao. Msham alikuwa malenga, na wakubwa wale walidhani malenga ndiye atakayejua cha kuuliza.

Jambo la kwanza alilofundishwa ni kwamba sheria za Sifani hazitungwi na wanasheria. Ni mashairi. Malenga husimama uwanjani akaghani, na watu wakiitikia kibwagizo kwa sauti moja, basi kibwagizo hicho kimekuwa sheria tangu saa ile, wala hakuna wa kukitangua. Wakati wa amani utaratibu huu haukumdhuru mtu. Kulikuwa na sheria ya kumwamkia kwanza mwenye mzigo, na nyingine ya kutomcheka aliyeunguza wali, na watu walizifuata kwa raha zao. Mashaka yaliingia pamoja na vita vya ng'ambo ya mto.

Chanzo cha vita vile Msham alikiuliza mara nyingi, akapewa majibu yasiyofanana, yote kwa vina. Walichokubaliana wote ni habari za kijana wa kwanza kuuawa. Aliletwa uwanjani amefunikwa shuka, mama yake akaanguka juu yake, na malenga mmoja mzee, mtu wa huruma, akataka kumtuliza. Akaghani:

Shujaa hafi, hulala, asubuhi huamka.

Watu walikuwa wanalia. Waliitikia kwa nguvu zao zote, kama watu wenye uchungu wanavyoitikia, pasipo kufikiri wanatunga nini. Wakubwa wa Baraza wakakutana, wakalitazama jambo lililotokea, wakaona hawana pa kutokea. Ilikuwa sheria tayari. Basi kijana yule hakuzikwa.

Tangu hapo kila anayeuawa vitani hupelekwa Bwenini. Bweni ni jumba la mawe lililojengwa kilimani juu ya mji, halina madirisha, na ndani yake mashujaa wamelala wakingoja asubuhi. Mama zao huwapelekea chakula kila siku, kwa kuwa aliye hai hula. Chakula hupokewa mlangoni na walinzi, na sahani hurudishwa tupu. Msham aliwatazama walinzi wale, akaona ni wanene kuliko watu wote aliowaona nchini humo, ila alikanywa asiseme. Wake wa mashujaa hawakai eda, maana wana waume. Wala hawaolewi tena, kwa sababu hiyohiyo. Matanga hakuna. Kumlilia shujaa ni kosa, kwani ni kudai kwamba amekufa, na anayedai hivyo huhesabiwa kuwa anawapa moyo watu wa ng'ambo.

Lakini lililomnyima Msham raha ni Baraza lenyewe. Alikaribishwa kwa heshima, akaketishwa mbele. Mashujaa, wakiwa hai, wana haki ya kupiga kura kama raia wengine, hivyo kila mmoja ana kiti chake, na juu ya kiti imewekwa kofia yake. Anayewasemea ni Bwana Kitwana, Msemaji wa Mashujaa, mzee mrefu mwenye sauti ya upole. Swali la siku ile lilikuwa kama vita viendelee au visimame. Wajumbe wenye pumzi walisema kwa haya, mmoja mmoja, kwamba pengine visimame. Kisha Bwana Kitwana akaanza kupita kiti kwa kiti. Kura ya shujaa husomwa kutoka katika shairi alilotungiwa, na kwa kuwa hakuna shairi la shujaa linalosema kwamba amechoka, kila kiti kilisema vita. Alipofika kwenye kiti kimoja karibu na dirisha, aliweka mkono juu ya kofia, akasema, "Sudi. Vita," kwa sauti ileile, akaendelea.

"Sudi ni nani?" Msham alimnong'oneza jirani yake.

"Mwanawe."

Kwa hiyo vita vikiua, kura za vita huongezeka. Msham alirudi nyumbani akilifikiria jambo hili, akitafuta mahali alipokosea kufikiri, asipaone.

Alikuwa amepangiwa kukaa kwa Bi Zawena, mjane wa makamo mwenye kikohozi kisichomwacha, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na chumba kitupu. Chumba kilikuwa cha mwanawe, Chande, shujaa. Mvua iliponyesha, maji yalidondoka karibu na kitanda, na Bi Zawena akaja na sufuria kuyakinga.

"Hapo panavuja, baba," alisema. "Chande alisema akirudi ataezeka upya."

Msham alikuwa amekwisha kujifunza adabu za nchi. "Atarudi lini?" akauliza.

Bi Zawena aliiweka sufuria chini. "Mlango umefungwa, mgeni. Humu ndani usinisemeshe kama watu wa Baraza."

Kisha akamweleza. Kuna kijana alirudi na mguu mmoja, aliyekuwa handaki moja na Chande. Shairi la Chande, lile linaloimbwa na watoto wa shule, linasema alikicheka kifo usoni na damu yake akaimimina ardhini kama mtu anayemwagilia bustani. Kijana yule alisema Chande hakucheka. Alikaa akizungumza habari za mtama, kama ndege wameumaliza, na kama mama amepata mtu wa kumsaidia kuamia ndege. Aliomba ruhusa arudi japo wiki ya mavuno, akanyimwa. Walipoamriwa kuvuka mto, alivuka pamoja na wenzake, na risasi ikamkuta majini.

"Mwanangu amekufa," Bi Zawena alisema. Alilitamka neno lile polepole, na Msham alijua kwamba alikuwa hajawahi kulisema mbele ya mtu. "Nataka kumzika. Sitaki kingine."

"Na sheria?"

"Sheria ipo. Anayekufa vitani ni mwoga tu. Hiyo nayo iliimbwa, tukaiitikia. Hata mimi niliitikia, nilikuwa nimesimama pale karibu na kisima na Chande akiwa begani kwangu, mtoto mdogo. Na mwoga ni nani? Ni yule aliyetaka kurudi kwao. Basi wangu alitaka kurudi. Anitungie mtu shairi la kusema hivyo, watu waitikie, nipewe maiti yangu."

Malenga wa Sifani hawakuweza kumtungia. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Walikuwa na sheria yao wenyewe kwamba shairi la nchi lisitaje kitu kidogo. Ardhi inatajwa, na damu, na bendera, na Mama Nchi, mkubwa, asiyeugua wala kuzeeka. Lakini mtama wa mtu fulani, paa la nyumba fulani, kikohozi cha mwanamke anayejulikana kwa jina, hivyo ni mwiko. Mgeni peke yake ndiye asiyefungwa na mwiko huo.

"Mama," Msham alisema, "unataka nimtukane mwanao mbele ya watu wote?"

"Mtukane."

"Alikuwa mwoga kweli?"

"Alikuwa na hofu, kama mtu. Akaenda nayo hukohuko. Wewe mtukane tu, baba, nimzike."

Msham aliomba siku za kufikiri. Alifikiria wakubwa wa kwao na kazi waliyomtuma, akafikiria namna atakavyofukuzwa nchini kama mwizi. Lakini kila asubuhi alimwona yule mama akipakua wali wa moto, akaweka samaki juu, sehemu ya mgongo aliyoipenda Chande, akafunika kwa kawa na kukwea kilima huku akisimama kukohoa. Kisha akateremka na sahani tupu. Akamwona akiiosha sahani hiyo kwa mchanga, akiisugua na kuisugua. Mwishowe moyo ulimshinda, akakaa akatunga.

Habari hazikufichika. Bwana Kitwana alikuja mwenyewe, bila wapambe, akabisha hodi kama jirani.

"Bi Zawena, nimesikia jambo."

"Karibu ukae, Bwana."

Hakukaa. "Mwanao ana kiti. Watoto wanamwimba. Leo umtoe huko juu umtie shimoni, halafu wewe mwenyewe ukasimame nyuma ya watu kila penye mkutano, mpaka siku zako ziishe? Nani amekushauri?"

"Hakuna aliyenishauri. Ninachopika nakijua harufu yake, Bwana Kitwana. Nikirudi njiani naisikia kwenye mikono ya walinzi."

Mzee akasema, kwa upole uleule, "Ukisema wako alitaka kurudi, watu watajiuliza na wengine walitaka nini."

"Wewe hujiulizi?"

Bwana Kitwana alimgeukia Msham. "Na wewe, mgeni. Kwenu mnaipenda nchi yenu?"

"Tunaipenda."

"Mnapenda nini hasa?"

Msham alitaka kusema maneno makubwa, na anayajua, maana ndiyo kazi yake. Lakini lililomjia mdomoni lilikuwa lingine. "Kuna njia nyuma ya nyumba ya shangazi yangu," alisema, "inakatiza kwenye miwa. Ukipita asubuhi unalowa mpaka magotini."

"Hiyo si nchi," Bwana Kitwana alisema. "Hiyo ni njia." Akatazama juu, mahali maji yalipochora paa. "Hapa panavuja," akaongeza, na akaaga.

Siku ya uwanja watu walijaa. Wengine walikuja kwa hasira, wengi kwa udadisi, kwani hakuna aliyewahi kusikia mtu akiombewa uoga. Bi Zawena alisimama mbele peke yake, amevaa nguo safi, na watu wamemwachia nafasi kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Bwana Kitwana akatangaza kwamba mgeni ana shairi, na kwamba sheria inamruhusu. Msham alipanda jukwaani. Aliniambia kuwa katika maisha yake yote ya kughani hajawahi kuona aibu ya maneno yake kama alivyoiona pale kabla hajafungua kinywa. Akaghani:

Aliwaza la shambani, mtama ulomelea,
Na paa lile nyumbani, lavuja, lamngojea,
Na mamaye kitandani, kikohozi chalemea;
Chande alitaka kwao, alitaka kurejea.

Akangoja. Hakuna aliyezomea, ingawa wapo waliokuja kwa ajili ya kuzomea. Msham aliwatazama usoni, akaona jambo ambalo hakulitegemea. Walikuwa wanatazamana kama watu waliosikia sauti ya mtu wanayemfahamu chumba cha pili. Kwa miaka yote ya vita hawakuwa wamesikia shairi lenye mtama ndani yake.

Bi Zawena aliitikia peke yake. "Chande alitaka kwao," alianza, kikohozi kikamkata, akajishika kifua na kumalizia, "alitaka kurejea."

Mwanamke mmoja nyuma akaitikia. Kisha wawili pamoja, kisha upande wote wa wanawake, na sauti za wanaume zikaingia chini yake, nzito, zenye haya. Wakairudia tena bila kuombwa. Walikuwa wanamtukana Chande kwa mapenzi ambayo hakuna shujaa aliyewahi kuimbwa kwayo.

Bwana Kitwana aliinua mkono, akasema maneno ya kisheria. Chande, mwana wa Bi Zawena, ni mwoga. Kwa hiyo amekufa. Kofia yake itolewe kwenye kiti, jina lake lisiimbwe tena na watoto, na mama yake apewe maiti akaizike nje ya mji, mahali pa waoga, mahali ambapo mpaka siku ile hapakuwa na kaburi hata moja. Kumlilia kunaruhusiwa, kwa kuwa mwoga ni mfu kama wafu wengine. Mgeni naye aondoke nchini maziko yakiisha. Bi Zawena alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa jambo alilolijua zamani, na aliposikia neno maiti akasema, "Ahsante, Bwana."

Walinzi walifungua Bweni shingo upande. Msham aliingia kusaidia kubeba, na aliyoyaona humo ndani hakunisimulia, wala sikumlazimisha. Aliniambia tu kwamba Chande alikuwa mwepesi. Walimfunga sanda mpya juu ya matambara ya zamani, wakamteremsha kilima kwa njia ya nyuma, watu watano, Msham na majirani watatu wakibeba na mama akitangulia. Ardhi ya mahali pale ilikuwa ngumu, hawakuwa na mtu mwingine wa kuwasaidia kuchimba, na jua lilikuwa kali. Bi Zawena alishika jembe na yeye. Walipomwambia apumzike alisema atapumzika mwanawe akishapumzika.

Alipomaliza kufukia, alitandika mkeka kando ya kaburi, akakaa, akanyoosha miguu. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, bila kuficha uso, akimwita kwa majina yote aliyomwita tangu utotoni, hata yale ya kuchekesha. Msham na wachimbaji walisogea mbali kidogo wakampa mgongo. Alinambia kwamba kilikuwa kilio kibaya sana kukisikia, na kwamba hata hivyo kulikuwa na raha fulani ndani yake, kama mtu aliyetembea na mwiba siku nyingi akapata pa kukaa autoe.

Ndipo Msham alipowaona wanawake wanakuja. Walikuwa wanatoka mjini kwa makundi madogo, wamejifunika, wanatembea upesi kama wanaokwenda sokoni kabla vitu havijaisha. Wale waliotangulia walifika, hawakumsalimu mtu, wakakaa chini kwenye vumbi kuzunguka kaburi, wakaanza kulia. Waliofuata wakakaa nyuma yao. Na Msham akasikia kwamba hawakuwa wanamwita Chande. Mmoja alikuwa anasema Haroub, Haroub wangu. Mwingine alikuwa anamwita mume.

Bi Zawena aliacha kulia, akainua uso. Hakupendezwa, na Msham alimwelewa. Alikuwa ameuza heshima ya mwanawe apate siku hii moja ya kumlilia, na sasa watu wamejaa juu ya kaburi lake na majina yasiyo lake.

Bwana Kitwana naye alikuja, kwa kuwa ilikuwa kazi yake. Kumlilia mwoga kunaruhusiwa, kumlilia shujaa ni kosa, na mtu lazima aulizwe. Akaanza kupita kati yao, mrefu, mkono nyuma, akiinama kwa kila mmoja.

"Unamlilia nani?"

"Namlilia Chande," akajibu yule wa Haroub, akafuta kamasi.

"Na wewe?"

"Chande."

"Wewe?"

"Chande, Bwana."

Wote walisema hivyo, na hakuna la kuwafanya. Akafika kwa mwanamke aliyejifunika zaidi ya wengine, amekaa pembeni kabisa, mabega yanamtikisika bila sauti. Akainama amuulize, na mwanamke akaondoa shela usoni. Alikuwa Bi Semeni, mkewe.

Msham alikuwa karibu, akasikia kila neno.

"Semeni," mzee alisema. "Unamlilia nani?"

"Namlilia Chande."

"Chande hukumjua."

"Nimemjua leo." Akamtazama mumewe kwa macho mekundu. "Kila siku napika, wewe unakwenda kulisema jina la mwanetu mbele ya watu na neno lile la vita juu yake. Leo nataka kulia. Niandike nimekosa, ukitaka."

Bwana Kitwana alibaki ameinama vilevile, kama amesahau namna ya kusimama. Kisha akaketi kwenye vumbi kwa nguo zake za kazi. Watu walimwangalia. Bi Zawena alimwangalia kuliko wote.

"Na wewe, Bwana?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Unamlilia nani?"

Mzee alifungua kinywa. Midomo yake ilijikusanya kulianza jina la mwanawe, na mkewe akainama mbele alisikie, lakini halikumtoka. Alijaribu tena. Alikuwa amelitamka jina lile mara nyingi sana kwa sauti tulivu, mbele ya viti, hata likawa haliwezi tena kutoka kwa namna nyingine.

"Chande," alisema mwishowe. "Namlilia Chande." Akaweka uso viganjani, akalia kwa sauti ya mtu asiyejua kulia.

Bi Semeni aligeuza uso. Bi Zawena aliweka mkono juu ya udongo uliokuwa bado laini, akisikiliza jina la mwanawe katika kinywa cha yule mzee. Halafu akajivuta kando, akapapasa ule mkeka mahali palipobaki wazi.

"Sogeeni hapa, nyote wawili," aliwaambia. "Hapo mlipo pana mawe."